Kwa nini kompyuta mbili hutoa majibu mawili kwa hesabu moja ya mvua?

Programu ni ileile na takwimu ni zilezile, lakini kompyuta ikibadilishwa, jibu nalo hubadilika. Kuanzia utabiri wa hali ya hewa hadi vipimo vya ubongo, wanasayansi wamelazimika kutafuta njia ya kutenganisha tofauti ya kawaida na kosa la kweli.

Mkulima anayesubiri kupanda maharage mwezi Septemba haioni kompyuta. Anachosikia redioni ni sentensi moja: mvua inatarajiwa kuwa juu ya wastani, au chini ya wastani. Nyuma ya sentensi hiyo kuna programu zenye mistari mingi mno ya maagizo, zilizoandikwa na watu wa nchi mbalimbali kwa miongo kadhaa, na zinazoendeshwa katika mashine za kila aina. Ofisi ya hali ya hewa ikinunua mashine mpya, au ikiweka toleo jipya la programu inayotegemewa na nyingine, hesabu ya jana ikirudiwa leo inaweza kutoa jibu lisilolingana na la jana.

Hapo wataalamu hukabiliwa na swali gumu kuliko linavyoonekana. Je, tofauti hiyo ni ya kawaida, kama ile ya mizani mbili nzuri sokoni, au ni dalili ya kosa litakalompotosha mkulima? Kwa miaka mingi swali hili lilijibiwa kwa macho na uzoefu. Siku hizi kuna njia za kulipima.

Tarakimu tatu zilizopotea

Katika majira ya baridi ya mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika taasisi ya teknolojia ya MIT nchini Marekani, alikuwa akiendesha modeli ndogo ya angahewa kwenye kompyuta ya Royal McBee LGP-30. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya. Akachukua namba zilizokuwa zimechapwa kwenye karatasi, akaziingiza upya, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya saa moja hivi, mashine ilikuwa imeiga takriban miezi miwili ya hali ya hewa, na majibu mapya hayakufanana tena na yale ya awali.

Mashine ilikuwa nzima. Ndani yake namba ilihifadhiwa kwa tarakimu sita, 0.506127, lakini karatasi ilichapwa tarakimu tatu tu, 0.506. Tofauti hiyo, isiyofikia sehemu moja ya elfu, ilikua hatua kwa hatua hadi ikafuta ufanano wote. Makala aliyoichapisha Lorenz mwaka 1963 ikawa miongoni mwa misingi ya tawi la sayansi linaloeleza kwa nini hali ya hewa ya siku fulani haiwezi kutabiriwa majuma mengi kabla.

Lorenz alikata tarakimu kwa mkono wake. Kompyuta za leo huzikata zenyewe, mabilioni ya mara kwa sekunde. Mahali zinapokatiwa hutegemea mashine yenyewe na pia programu moja ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia: kompaila.

Mfasiri aliye kati ya mtu na mashine

Mwanasayansi haandiki kwa lugha ya mashine. Huandika kwa lugha iliyo karibu na hesabu za kawaida. Mojawapo ya lugha hizo ni Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, na hadi leo modeli nyingi za hali ya hewa bado zimeandikwa kwayo. Kompaila ndiyo inayosoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Zipo kompaila za bure na za kulipia, na kila moja hutoa matoleo mapya mara kwa mara.

Kazi hiyo ni ya ufasiri kamili, na ina matatizo yaleyale ya ufasiri. Wafasiri wawili hodari wakipewa hotuba moja, tafsiri zao hazitalingana neno kwa neno, na hakuna atakayewalaumu. Lakini mmoja wao akiandika kwamba jeshi limeondoka mjini, ilhali msemaji alisema jeshi halijaondoka, hilo si suala la mtindo tena. Kuhakiki programu ya kisayansi kwenye kompaila tofauti ni kutafuta mpaka kati ya hali hizo mbili: wapi maneno yametofautiana tu, na wapi maana imegeuka.

Gunia moja na makopo mawili

Chanzo cha tofauti za maneno ni jinsi kompyuta inavyoandika namba. Kompyuta haina nafasi isiyo na mwisho. Namba ya kawaida ya kisayansi hupewa nafasi ya tarakimu 16 hivi, na zinazozidi hukatwa. Aidha, kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja pekee, na kwa utaratibu huo sehemu moja ya kumi, yaani 0.1, haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Ndiyo maana lugha nyingi za kompyuta, zikiagizwa kujumlisha 0.1 na 0.2 na kuonyesha tarakimu zote, hujibu 0.30000000000000004.

Tarakimu zikishakatwa, mpangilio wa kujumlisha huanza kuwa na maana. Tuseme mfanyabiashara ana daftari linaloruhusu tarakimu tatu tu kwa kila namba. Ana gunia la kilo 100 na makopo mawili ya kilo 0.4 kila moja. Akianza na gunia, atapata 100.4, ambayo daftari litaiandika 100. Akiongeza kopo la pili atapata tena 100. Lakini akianza na makopo atapata 0.8, na akiongeza gunia atapata 100.8, ambayo daftari litaiandika 101. Mizigo ni ileile, kila hatua imefuata kanuni, na bado kuna tofauti ya kilo nzima.

Kompaila hufanya maamuzi ya aina hii kila mara. Mtumiaji anapoiagiza iharakishe programu, inaweza kupanga upya hesabu ili mashine ifanye kazi nyingi kwa pamoja. Baadhi ya prosesa zina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, ambayo hukata tarakimu mara moja badala ya mara mbili. Matokeo yake huwa sahihi zaidi katika hatua hiyo, lakini hayalingani na ya mashine isiyotumia amri hiyo. Maktaba za hesabu zinazotumiwa kukokotoa logi na pembe nazo huboreshwa kutoka toleo hadi toleo, na tarakimu ya mwisho ikabadilika.

Mwaka 1985 kilichapishwa kiwango cha kimataifa cha namna kompyuta zinavyopaswa kuhesabu desimali, kijulikanacho kama IEEE 754. Mhandisi wake mkuu alikuwa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na kanuni zake. Kiwango hicho kiliondoa vurugu kubwa, kwani kinaeleza jibu la kila hesabu moja moja linavyopaswa kukatwa. Hata hivyo hakiilazimishi kila kompaila kupanga mlolongo wa mamilioni ya hesabu kwa namna moja.

Kwamba tarakimu ndogo zinaweza kuua, historia imeonyesha. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot ulioko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud lililopiga kambi na kuua wanajeshi 28 wa Marekani. Saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, yaani ileile 0.1 isiyoandikika kikamilifu. Baada ya mtambo kuendeshwa kwa takriban saa 100 mfululizo bila kuzimwa, makosa madogo yalikuwa yamejikusanya hadi kufikia thuluthi moja hivi ya sekunde. Kwa kombora lenye mwendo ule, muda huo ulitosha kuliweka zaidi ya nusu kilomita mbali na pale mtambo ulipokuwa ukilitafuta.

Ushahidi kutoka Seoul, Maastricht na Hawaii

Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Song-You Hong wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, walichapisha katika jarida la Monthly Weather Review matokeo ya jaribio rahisi kulieleza. Walichukua modeli moja ya angahewa ya dunia nzima na kuiendesha kwenye mifumo 10 ya kompyuta iliyotofautiana kwa prosesa au kwa kompaila. Majibu yalitofautiana kulingana na kompaila, maktaba na kiwango cha uharakishaji, na sababu kuu ilikuwa namna mifumo hiyo inavyoshughulikia tarakimu zinazokatwa. Katika utabiri wa msimu, mtawanyiko wa majibu uliosababishwa na mifumo ya kompyuta ulikaribiana na ule unaopatikana wataalamu wanapobadilisha kwa makusudi hali ya hewa ya mwanzo.

Mwaka mmoja kabla, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi lilikuwa limechunguza programu ya FreeSurfer, inayotumika kupima sehemu za ubongo kutokana na picha za MRI. Picha zilezile zilipimwa kwa matoleo matatu ya programu hiyo. Vipimo vya ujazo vilitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 kati ya matoleo, na vya unene wa gamba la ubongo kwa asilimia 2.8. Tofauti za kiasi cha nusu ya hizo zilionekana pia toleo moja la programu lilipoendeshwa kwenye kompyuta za aina mbili, au kwenye matoleo mawili ya mfumo endeshi wa Macintosh. Watafiti walionya kwamba ukubwa wa tofauti hizo unakaribiana na ule unaotafutwa katika tafiti za magonjwa yanayodhoofisha ubongo. Kwa maneno mengine, hospitali inayobadilisha toleo katikati ya utafiti inaweza kuona ugonjwa pale palipo na mabadiliko ya programu tu.

Mfano wa tatu unaonyesha upande mwingine wa suala hili. Mwaka 2019 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba programu ndogo ya kukokotoa sifa za molekuli, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 2014, ilitoa majibu tofauti kwenye mifumo endeshi tofauti. Safari hii tarakimu zilizokatwa hazikuhusika. Programu ilidhani kwamba mafaili yangesomwa kwa mpangilio fulani, lakini kila mfumo endeshi ulikuwa na mpangilio wake, hivyo taarifa za molekuli zikaoanishwa vibaya. Lilikuwa kosa halisi, na likarekebishwa. Kama majibu yasingelinganishwa kati ya mashine mbalimbali, huenda lingeendelea kujificha.

Mifano hii mitatu ndiyo inayolifanya suala kuwa gumu. Nchini Korea tofauti ilikuwa ya maneno tu, kule Hawaii maana yenyewe iligeuka, na kwa mtu anayetazama namba mbili zisizolingana kwenye skrini, hali hizo zinaonekana sawa.

Mizani ya Boulder

Njia ya kwanza ya kuhakiki ni ile ambayo kila mtaalamu wa programu anaifahamu. Programu huambatana na majaribio yenye majibu yanayojulikana. Baada ya kuifasiri upya kwa kompaila mpya, majaribio huendeshwa na majibu kulinganishwa, si tarakimu kwa tarakimu, bali kwa kuruhusu tofauti ndogo inayovumilika. Ugumu uko katika kuamua ukubwa wa tofauti hiyo. Kipimo kikiwa chembamba mno, kila toleo jipya litaonekana bovu na wahakiki watazoea kupuuza onyo. Kikiwa kipana mno, kosa litapita mlangoni mchana kweupe.

Kwa modeli za tabianchi njia hiyo haitoshi, kwa sababu aliyoiona Lorenz: baada ya muda mfupi, hata tofauti isiyo na hatia hukua na kuwa kubwa. Katika kituo cha utafiti wa angahewa cha NCAR, mjini Boulder, jimbo la Colorado, kuna modeli ya dunia iitwayo CESM, yenye zaidi ya mistari milioni moja ya maagizo. Ilipohamishiwa kwenye mashine mpya, desturi ilikuwa kuendesha uigaji wa mamia ya miaka, kisha kumpa mwanasayansi mzoefu matokeo ayatazame na kutoa hukumu. Kazi hiyo ilikuwa ghali, ya polepole, na ilitegemea jicho la mtu.

Mwaka 2015 Allison Baker na wenzake wa NCAR walichapisha utaratibu mwingine. Waliendesha modeli mara 151 kwenye mashine inayoaminika, kila mara kwa mwaka mmoja wa kuigiza. Kila uigaji ulianza na joto lililobadilishwa kwa kiasi kidogo kupita fikra, kiasi cha sehemu moja ya trilioni mia moja ya digrii. Hakuna kipimajoto duniani kinachoweza kuona badiliko hilo, lakini linatosha kufanya kazi ileile inayofanywa na tarakimu zinazokatwa. Kundi hilo la uigaji likaonyesha upana wa tofauti ambazo modeli inazizalisha yenyewe, bila kosa lolote.

Mashine mpya au kompaila mpya inapofika, uigaji mitatu tu huendeshwa juu yake. Zaidi ya vipimo mia moja, vya joto, unyevu, upepo, mawingu na vinginevyo, hujumuishwa kwa njia za takwimu, kisha huulizwa swali moja: je, uigaji huu ungeweza kuwa miongoni mwa kundi lile? Ukikaa ndani ya upana wake, mashine hupita. Ukitoka nje mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati, mashine hukataliwa hadi sababu ijulikane.

Utaratibu huo nao ulihitaji kuhakikiwa. Kundi la kwanza lilikuwa limetengenezwa kwa kompaila moja. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016 ikiongozwa na Daniel Milroy, ilibainika kwamba kundi la namna hiyo lilizikataa mno kompaila nyingine ambazo hazikuwa na kosa. Ilikuwa kama kuwauliza wazee wa ukoo mmoja ni lafudhi ipi iliyo sahihi. Dawa ilikuwa kuunganisha uigaji wa kompaila tatu na kupata kundi la 453. Mwaka 2018 watafiti haohao walionyesha kwamba hata mwaka mzima wa kuigiza si lazima. Hatua 9 za modeli, kila moja ya nusu saa, zilitosha kutoa hukumu katika hali nyingi.

Wakati mashine ilipokataliwa

Faida ya kipimo kizuri huonekana pale kinapokataa. Modeli ya CESM ilipoendeshwa kwenye kompyuta kubwa ya Mira, iliyokuwa katika Maabara ya Taifa ya Argonne karibu na Chicago, matokeo yake yalitoka nje ya upana uliokubalika. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye ile amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja. Ilipozimwa, matokeo yalirudi ndani ya mstari. Watafiti walipozidi kuchimba, waliikuta sehemu ya modeli iliyoathirika zaidi kuwa ile inayokokotoa matone na chembe za barafu ndani ya mawingu.

Mfano huo una funzo lisilotarajiwa. Amri iliyosababisha tatizo haikuwa mbovu. Kwa hesabu moja moja ni sahihi kuliko njia ya kawaida. Iliyofichuliwa ni sehemu ya programu iliyo nyepesi kuyumba, ambayo badiliko dogo la tarakimu linaisukuma hadi kubadilisha tabia ya mawingu. Kwa hiyo kuhakiki kwa kompaila mbalimbali hakuishii kwenye kuipima kompaila. Huonyesha pia mahali ambapo modeli yenyewe ni dhaifu.

Wakati mwingine mwenye kosa huwa kompaila yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi walivyotengeneza programu iitwayo Csmith, inayotunga programu za kubahatisha na kuzilisha kompaila mbalimbali za lugha ya C, kisha kulinganisha majibu. Kwa njia hiyo walibaini na kuripoti zaidi ya kasoro 325 zilizokuwa hazijulikani, zikiwemo za kompaila zinazotumika kila siku duniani. Na mara nyingine kosa ni la mwandishi wa programu aliyesahau kuipa namba fulani thamani ya kuanzia. Kompaila moja huijaza nafasi hiyo kwa sifuri na kosa lisionekane. Nyingine huacha humo takataka iliyobaki, na kosa likajitokeza.

Suala hili na Afrika Mashariki

Kwa nchi za Afrika Mashariki jambo hili liko karibu na nyumbani. Modeli ya hali ya hewa ya WRF, iliyoendelezwa na NCAR na washirika wake, hutolewa bure, na imetumiwa na taasisi za hali ya hewa za ukanda huu, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Haiji ikiwa tayari kutumika. Anayeipokea hupata maandishi ya Fortran na C, kisha huulizwa achague kompaila kutoka kwenye orodha na kuifasiri mwenyewe kwa mashine aliyo nayo. Ofisi mbili zenye toleo moja la WRF zinaweza kuwa na kompaila mbili, maktaba mbili na viwango viwili vya uharakishaji.

Juu ya ofisi za kitaifa kipo kituo cha tabianchi cha ICPAC, chenye makao karibu na Nairobi, kinachohudumia nchi 11 zikiwemo Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa ukanda huu hukutana kabla ya misimu ya mvua ili kukubaliana juu ya mwelekeo wa msimu. Utabiri wao hutolewa kwa uwezekano wa hali tatu: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Tuseme utabiri unataja asilimia 45 kwa hali ya juu ya wastani. Maana yake ni kwamba asilimia 55 zilizobaki zimegawanyika kati ya hali mbili nyingine, hivyo hakuna aliyeahidiwa mvua.

Utaratibu huo wa uwezekano unajibu sehemu ya hofu ambayo makala hii inaweza kuizua. Msomaji anaweza kujiuliza kama utabiri wote ni bahati nasibu, ikiwa kompyuta mbili hazikubaliani. Jibu ni hapana. Siku ambayo mvua itanyesha Desemba haijulikani Septemba, na kompaila itaisogeza huku na huku. Lakini wastani wa msimu, unaotokana na uigaji mwingi na unaoongozwa na joto la bahari za Hindi na Pasifiki, una mizizi imara zaidi. Hatari iko kwa anayeendesha modeli mara moja tu, kwenye mashine moja, na kulichukua jibu hilo kama neno la mwisho.

Kwa ofisi yenye bajeti ndogo, hatua zinazowezekana si za gharama kubwa. Ya kwanza ni kuandika kila kitu: toleo la modeli, jina na toleo la kompaila, vigezo vya uharakishaji, maktaba, mfumo endeshi na aina ya mashine. Bila kumbukumbu hiyo, jibu la mwaka jana haliwezi kurudiwa wala kutetewa. Ya pili ni kuifasiri modeli kwa kompaila mbili, hata kama moja tu ndiyo itakayotumika kila siku, na kuiendesha pia bila uharakishaji ili kuona kama kasi imenunuliwa kwa gharama ya ukweli. Ya tatu ni kutozima mashine ya zamani siku mpya inapowasili, bali kuziendesha zote mbili kwa muda na kuwalinganisha ndugu hao wawili.

Ipo pia njia ya kuifunga programu pamoja na kompaila na maktaba zake zote ndani ya kasha moja la kidijitali, ili iendeshwe vilevile popote. Njia hiyo imerahisisha sana kazi ya kurudia matokeo ya wengine. Lakini kasha huhifadhi makosa kwa uaminifu uleule unaohifadhi majibu sahihi. Programu ya wanakemia ingefungwa kwenye kasha, ingeendelea kutoa jibu moja kila mahali, na pengine jibu hilo lingekuwa la makosa.

Kulingana si kuwa sahihi

Hapo ndipo mipaka ya kazi yote hii inapoonekana. Mashine mpya inapopita kipimo cha NCAR, kinachothibitishwa ni kwamba inazungumza kama ile ya zamani. Kama ya zamani ilikosea namna mawingu yanavyojengeka juu ya Ziwa Victoria, mpya nayo itakosea vivyo hivyo na bado itapita. Wafasiri wawili wanaokubaliana wanaweza kuwa wamefasiri vizuri hotuba yenye habari isiyo ya kweli.

Hukumu ya mwisho hutolewa nje ya chumba cha kompyuta. Kila asubuhi, kwenye vituo vya hali ya hewa vya ukanda huu, kuna mtu anayekwenda kwenye kipimamvua, anatazama maji yaliyokusanyika tangu jana na kuandika milimita alizoziona. Namba hiyo haina kompaila wala toleo. Vituo hivyo vikiachwa vife, au daftari zake zisipofikishwa kwa wanaoendesha modeli, wataalamu watabaki na uwezo wa kujua kama kompyuta zao zinakubaliana, lakini hawatakuwa na njia ya kujua kama mkulima aliyepanda maharage yake aliambiwa kweli.